Kuomba baraza liteue meneja wa jengo lenu England: maswali yanayoulizwa kila mara

Maswali haya yametoka kwa Waswahili wenye flati za lizi huku England, watu wanaolipa sevis chaji (pesa za ukarabati, bima na usimamizi wa jengo) kila mwaka na bado ngazi haina taa na paa linavuja. Mengine tuliulizana sisi wenyewe kwenye jengo letu kabla hatujaenda barazani. Hatukuwa na wakili, tulijifunza njiani, kwa hiyo penye mambo tuliyoyaona kwa macho tumerefusha.

## Mambo ya mwanzo

1. Kuteuliwa meneja maana yake nini hasa?

Ukinunua flati England mara nyingi hujanunua jengo, umenunua lizi, yaani haki ya kuikaa hiyo flati miaka 99 au 125 au hata 999, na jengo lenyewe, paa, ngazi, kuta za nje na ardhi, ni mali ya mtu mwingine ambaye hapa tutamwita mwenye jengo. Yeye, au kampuni iliyotajwa kwenye lizi, ndo anatakiwa kufanya ukarabati, kukata bima na kuwaletea bili. Akiharibu kazi, sheria ya 1987 iitwayo Landlord and Tenant Act inawaruhusu wenye lizi waende barazani waombe usimamizi utolewe mikononi mwake apewe mtu mwingine kwa amri ya baraza, kwa muda maalum. Kifungu chenyewe ni cha 24, utakisikia mpaka ukiote.

Muelewe jambo moja mapema: jengo linabaki lake. Hanyang'anywi mali, ananyang'anywa kazi ya kulisimamia.

2. Ni baraza gani hilo? Ni mahakama?

Jina lake rasmi ni First-tier Tribunal, kitengo cha Property Chamber. Zamani kesi hizi zilikuwa mahakama ya kaunti, alafu mwaka 1997 zikapelekwa Leasehold Valuation Tribunal, na tangu Julai 2013 ziko kwenye hili baraza la sasa. Mara nyingi utakuta mbele yako jaji mwanasheria pamoja na mtaalamu wa majengo, hakuna mawigi, na unaruhusiwa kujisemea mwenyewe. Ila usije ukadhani ni kikao cha mtaa. Ushahidi unaangaliwa karatasi kwa karatasi.

3. Si ndo ile ile Right to Manage?

Hapana, na watu wengi wanachanganya hapa. Right to Manage, yaani haki ya wenye lizi kulisimamia jengo wenyewe, ilikuja na sheria ya 2002 (Commonhold and Leasehold Reform Act), na kule huhitaji kuthibitisha kosa lolote, mnaunda kampuni yenu, wanachama wake watoke angalau nusu ya flati zote za jengo, mnatoa notisi, mnachukua usimamizi. Tangu tarehe 3 Machi 2025 hata jengo lenye maduka chini linaweza kuingia kama sehemu isiyo ya makazi haizidi asilimia 50, zamani ilikuwa 25.

Kwa barazani lazima muonyeshe kosa. Sasa kwa nini mtu achague njia ngumu? Kwa sababu kuna majengo ambayo nusu ya flati ni za wawekezaji wasiojibu barua, au jengo lenyewe halikidhi masharti ya Right to Manage, au majirani wamegombana kiasi kwamba kampuni yao wenyewe itakufa ndani ya mwaka. Hapo mtu wa nje mwenye amri ya baraza mkononi ndo dawa. Lakini kama mnapatana na mmefika idadi, mimi ningeanza na Right to Manage bila kufikiria mara mbili.

4. Lazima flati zote zikubali?

Hapana. Hata mwenye flati moja anaweza kuomba, na wenye flati kadhaa wanaweza kuomba pamoja. Ila baraza litataka kujua majirani wengine wanasemaje, kwa sababu meneja atakayekuja ni wao pia wanaomlipa, kwa hiyo pita mlango kwa mlango, ongea na watu, pata saini. Sisi tulipata saini 9 kati ya flati 14, na karibu nusu ya hizo saini zilitokana na chai, si barua.

## Nani anaweza na nani hawezi

5. Jengo letu ni nyumba ya zamani iliyokatwa flati mbili tu, inahesabika?

Inahesabika, flati mbili zinatosha. Tatizo linakuja pale mwenye jengo mwenyewe anapoishi humo. Kama jengo halikujengwa kama flati tangu mwanzo, ni nyumba iliyogawanywa baadaye, na yeye amekaa flati mojawapo kama makazi yake makuu kwa miezi 12 mfululizo au zaidi, sheria inamlinda na maombi yenu hayapokelewi. Lakini ulinzi huo unaondoka kama angalau nusu ya flati za jengo zina lizi ndefu za makazi, na kwa nyumba nyingi zilizogawanywa hali ndo hiyo, kwa hiyo msikate tamaa kabla hamjahesabu.

6. Mwenye jengo ni halmashauri, au hausing asosiesheni (shirika la nyumba za kijamii).

Hapo njia hii imefungwa. Halmashauri na hausing asosiesheni zilizosajiliwa hazishtakiwi kwa kifungu cha 24. Malalamiko yenu yanakwenda kwao kwanza, yakishindikana yanakwenda kwa Housing Ombudsman (mtatuzi wa malalamiko ya nyumba), na suala la bili kuwa kubwa kupita kiasi bado mnaweza kulipeleka baraza hili hili kwa kifungu cha 27A cha sheria ya 1985 (nayo inaitwa Landlord and Tenant Act).

7. Kampuni inayosimamia jengo ni yetu sisi wakazi wenyewe. Tunaweza kujishtaki?

Mnaweza, na inatokea zaidi ya watu wanavyodhani. Wakurugenzi watatu wamejifungia, hawaitishi mkutano, hesabu hazionekani, wengine wote wanalipa tu. Amri inaweza kutolewa dhidi ya kampuni yoyote yenye wajibu wa usimamizi kwa mujibu wa lizi, hata kama hisa zake ni zenu. Inauma, maana unakwenda kumpinga jirani unayekutana naye kwenye lifti. Jaribuni mkutano mkuu na kura kwanza.

8. Hatumjui mwenye jengo, tunaona jina la kampuni ya nje tu.

Anza kwa kuchukua nakala ya hati ya jengo HM Land Registry (ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi), ni pauni chache tu kwenye intaneti. Alafu muandikie anayekusanya pesa zenu, kwa maandishi, umuulize jina na anwani ya mwenye jengo. Sheria ya 1985 inampa siku 21 kujibu na kukaa kimya bila sababu ya maana ni kosa la jinai. Tena, mpaka mwenye jengo awape anwani ya England au Wales ya kupelekewa notisi, sevis chaji na pango la ardhi havihesabiwi kuwa vimefika muda wa kulipwa.

Asipopatikana kabisa, baraza linaweza kuwasamehe ile notisi ya mwanzo (swali la 12). Weka rekodi ya kila ulipomtafuta.

## Sababu zinazokubalika

9. Tunatakiwa kuthibitisha nini?

Moja kati ya haya, na juu yake muonyeshe kwamba kumteua meneja ni haki na inafaa kwa hali yenu. Kuvunja wajibu wa usimamizi ulioandikwa kwenye lizi, mfano paa, bima, usafi, hesabu za mwaka. Sevis chaji isiyo ya haki iliyotozwa au inayokaribia kutozwa. Ada za usimamizi za ajabu ajabu, kama kutozwa kwa kila barua. Kutofuata mwongozo wa usimamizi wa RICS (chama cha wataalamu wa majengo na ardhi) uliopitishwa na serikali. Na mwisho kuna mlango mpana: hali nyingine yoyote inayofanya uteuzi uwe wa haki na wa kufaa.

Hiyo ya "haki na inafaa" ndo inayoangusha watu. Unaweza kuthibitisha makosa kumi na baraza likasema sawa, yalikuwepo, lakini mwaka huu ajenti mpya, yaani anayelisimamia jengo kwa niaba ya mwenye jengo, ameshaanza kazi vizuri, hatuoni haja.

10. Ajenti hapokei simu wala hajibu barua pepe. Inatosha?

Peke yake ni ngumu. Simu isiyopokelewa haina karatasi. Geuza malalamiko yawe ushahidi: omba kwa maandishi muhtasari wa gharama chini ya kifungu cha 21 cha sheria ya 1985, ukishaupata omba kuona risiti zenyewe ndani ya miezi 6. Angalia kama kazi kubwa iliyomgharimu mwenye lizi yeyote zaidi ya pauni 250 ilifanyiwa mashauriano ya kifungu cha 20, yaani wenye lizi waliulizwa kwanza. Wakikunyima hayo, sasa una tarehe, una kifungu, una nakala ya barua.

Jengo letu lilikuwa na ndoo kwenye korido ya juu tangu Ramadhani mpaka Krismasi. Tulipiga simu mpaka tukachoka. Kilichotusaidia ni dada mmoja wa flati ya juu aliyekuwa anapiga picha ya ile ndoo kila Jumapili, na kila picha ina tarehe.

11. Niache kulipa sevis chaji ili wasikie?

Tafadhali usifanye hivyo. Najua hasira yake, najua ukilipa unajiona mjinga, lakini deni linaweza kukupeleka mahakamani na mwisho wake lizi yenyewe ikawa hatarini, na benki iliyokukopesha ikianza kuandikiwa barua utajuta. Kulipa tu hakuhesabiwi kwamba umekubali bili, sheria imesema hivyo wazi kwenye kifungu cha 27A. Lipa, andika kwamba unalipa kwa kupinga, alafu pinga bili yenyewe barazani.

Na meneja mpya naye atahitaji pesa siku ya kwanza. Kwenye kesi ya Maunder Taylor v Blaquiere ya 2002 mahakama ya rufaa ilisema meneja anafanya kazi kwa mamlaka ya uteuzi wake, si kwa niaba ya mwenye jengo, kwa hiyo huwezi kumkata yeye pesa kwa sababu ya madhara uliyofanyiwa na mwenye jengo zamani. Dai la madhara hayo unalo bado, lakini ni kwa mwenye jengo.

## Notisi ya kifungu cha 22 cha sheria ya 1987

12. Hii notisi ni nini na inaandikwaje?

Kabla ya kuomba barazani lazima umpe mwenye jengo notisi, na pia mtu mwingine yeyote mwenye wajibu wa usimamizi kwa lizi yako. Watu wanampelekea ajenti peke yake, hilo ni kosa la kawaida sana. Ajenti mpe nakala, lakini mlengwa ni yule aliyefungwa na lizi.

Ndani iwe na jina lako, anwani ya flati, anwani ya kupokelea barua, kauli kwamba unakusudia kuomba meneja ateuliwe, sababu unazozitegemea pamoja na mambo yenyewe yaliyotokea, na kwa yale yanayoweza kurekebishwa, hatua unazotaka zichukuliwe na muda wa kuzichukua, na useme kwamba wakizitimiza hutaomba.

Notisi yetu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za hasira. Hakuna tarehe, hakuna kifungu cha lizi, "mnatunyanyasa" imeandikwa mara nne. Kabla hatujaipeleka mzee mmoja wa jengo aliyewahi kufanya kazi ya ukarani akatukalisha chini tukaiandika upya kwa safu tatu: kilichotokea na lini, lizi inasema nini, tunataka kifanyike nini. Ikawa fupi na ikauma zaidi. Nendeni hivyo hivyo.

13. Tuwape muda gani?

Sheria inasema muda unaofaa tu, haikutaja siku. Kuonyesha hati ya bima hakuhitaji miezi. Kutengeneza paa kunahitaji jukwaa, mafundi na mashauriano ya kifungu cha 20, kwa hiyo ukimpa wiki mbili atakwenda kulalamika kwa baraza na atasikilizwa. Weka muda tofauti kwa kila jambo.

14. Wamekurupuka wakatengeneza baada ya kupata notisi. Tumeshindwa?

Kama walitimiza yote mliyoyataka, kwa hayo mmepata mlichokitaka na hamwendi. Kama wamepaka rangi ukuta na kuacha hesabu za miaka mitatu hazijulikani ziliko, endeleeni na yaliyobaki, na historia yao inabaki kuwa ushahidi wa kwa nini hamuwaamini.

15. Tumegundua notisi ina kosa na kesi imeshaanza.

Baraza linaweza kutoa amri hata kama muda uliotolewa ulikuwa mfupi mno au notisi ilipungukiwa kitu. Lakini hilo ni hiari yao, si haki yako, kwa hiyo kama bado mapema toa notisi mpya, ni gharama ya stempu tu.

## Meneja mwenyewe

16. Baraza ndo linatuletea meneja?

Hapana, hapana, hapana. Nyinyi ndo mnamtafuta na mnamtaja kwenye maombi. Hapa ndo kesi nyingi nzuri zinakufa: watu wametumia mwaka mzima kukusanya makosa ya mwenye jengo, wakafika barazani na jina la mtu waliyemtafuta wiki moja kabla, hajawahi kuliona jengo.

Anzeni kumtafuta siku ile ile mnayoanza kuandika notisi. Anayeteuliwa kwa kawaida ni mtu kwa jina lake, kampuni yake ipo nyuma yake tu. Wengi watakataa, kwa sababu ni kazi yenye lawama na mwenye jengo mkorofi anaweza kumburuza. Ulizeni waliowahi kuteuliwa kwenye majengo mengine, maamuzi ya baraza yako wazi kwenye wavuti ya serikali na majina yao yamo.

17. Atahojiwa nini?

Atatakiwa kufika mwenyewe. Ataulizwa uzoefu wake, bima yake ya makosa ya kikazi, ada yake kwa kila flati, amelikagua jengo lini, ana mpango gani wa miezi sita ya kwanza, paa atalilipia vipi kama mfuko wa akiba ni mtupu. Wajumbe wanamuuliza kwa kina, na upande wa pili nao watamuuliza. Mpeni lizi aisome yote, maana akijibu "nitaangalia" mara tatu mnaona nyuso zao zinabadilika.

18. Binamu yangu ana kampuni ya usimamizi, anafaa?

Mimi ningemuacha binamu. Baraza linataka mtu asiyeegemea upande wowote, na jirani asiyewapenda atalitaja hilo la undugu dakika ya kwanza.

19. Akishateuliwa anamtii nani?

Baraza. Si nyinyi, si mwenye jengo. Watu wa jengo letu hili liliwachukua muda kulielewa, tulizoea kusema "meneja wetu". Akiona bili lazima ipande atapandisha, na aliyegoma kulipa atamdai. Amri ndo inayosema anaweza nini, na akikwama anarudi barazani kuomba maelekezo. Mwenye jengo akikaidi amri, inaweza kukaziwa kupitia mahakama ya kaunti kwa ruhusa ya mahakama hiyo.

## Pesa na muda

20. Itatugharimu kiasi gani?

Kuna ada ya kufungua maombi na ada nyingine ya kusikilizwa, viwango vya sasa viko kwenye wavuti ya serikali, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msaada wa ada. Hizo si kubwa. Kubwa ni gharama za mwenye jengo, ambaye anaweza kuajiri mawakili wazito alafu akazirudisha kwenu kupitia sevis chaji kama lizi inamruhusu. Kwa hiyo kwenye maombi yenu ombeni pia amri ya kifungu cha 20C cha sheria ya 1985 inayomzuia, na ile ya aya ya 5A kwenye jedwali la 11 la sheria ya 2002 inayohusu ada anazoweza kumtoza mtu mmoja mmoja. Watu wanasahau hii, wanashinda kesi, alafu mwaka unaofuata wanaletewa bili ya mawakili wa upande ulioshindwa.

Ushauri wa bure upo kwa Leasehold Advisory Service, wanaofahamika kama LEASE. Wapigieni mapema.

Ada ya meneja baada ya kuteuliwa inatajwa kwenye amri, na kwa kawaida inalipwa na wenye lizi kupitia sevis chaji, ingawa baraza linaweza kuagiza mwenye jengo alipe yote au sehemu.

21. Inachukua muda gani, na kama jengo liko hatarini leo?

Hesabu miezi, si wiki. Lakini kama bima imekatika au maji yanaingia kwenye umeme, ombeni amri ya muda wakati kesi kuu inasubiri, kifungu cha 24 kinaruhusu. Mkikosa kuridhika na uamuzi, ruhusa ya kukata rufaa kwenda Upper Tribunal (baraza la juu yake) inaombwa ndani ya siku 28.

## Yale magumu

22. Mwenye jengo akiuza katikati ya amri?

Hakikisheni amri inasajiliwa Land Registry kwenye hati ya jengo, sheria imeruhusu. Mnunuzi atakayetafuta ataiona. Fanyeni wiki ile ile ya uamuzi.

23. Pesa za mfuko wa akiba zimepotea, meneja anaweza kuzidai?

Amri inaweza kumpa haki ya kufungua madai hata kwa mambo yaliyotokea kabla hajateuliwa. Lakini lazima iandikwe humo, haiji yenyewe, kwa hiyo itajeni kwenye rasimu ya amri mnayoipeleka. Kumbuka pia sevis chaji kisheria ni pesa ya amana, si ya mwenye jengo kuifanyia anachotaka.

24. Jengo letu ni ghorofa refu, kuna tofauti?

Ipo, na kubwa. Jengo la mita 18 au ghorofa 7 na kuendelea lenye makazi angalau mawili linaingia kwenye sheria ya usalama wa majengo ya 2022, iliyokuja baada ya moto wa jengo la Grenfell, London. Kazi ambazo sheria hiyo imempa mhusika wa usalama wa jengo (accountable person) haziwezi kuhamishiwa kwa meneja wa kifungu cha 24. Maana yake mnaweza kuwa na watu wawili: meneja wenu kwa mambo ya kawaida, na mwenye jengo yule yule kwa mambo ya moto na uimara wa jengo. Hapa msiende bila mwanasheria.

25. Muda wa meneja ukiisha?

Uteuzi mwingi ni wa miaka 2 au 3, na unaweza kuongezwa kwa kuomba tena kabla haujaisha. Mwenye jengo naye anaweza kuomba amri ifutwe, ila baraza haliwezi kumkubalia mpaka liridhike kwamba yale yaliyosababisha hayatajirudia. Na meneja akishakuwepo miaka 2 mfululizo, mlango mwingine unafunguka: wenye lizi, wakitimiza masharti ya idadi, wanaweza kwenda mahakamani kuomba kulinunua jengo lenyewe kwa lazima. Kwa hiyo andikeni tarehe ya uteuzi mahali mtakapoiona.

26. Mimi niko Wales. Na shemeji yangu yuko Glasgow.

Wales sheria ya 1987 ni hiyo hiyo, ila maombi yanakwenda Residential Property Tribunal Wales na baraza bado linaitwa Leasehold Valuation Tribunal. Shemeji wa Glasgow hana hili tatizo kwa sura hii, kwa sababu Scotland mtu akinunua flati anaimiliki moja kwa moja. Wanaosimamia majengo kule wanaitwa property factors, wana sheria yao ya 2011 na daftari la usajili, na malalamiko yake yanakwenda baraza la Scotland.

27. Nina flati Nairobi pia, naweza kutumia njia hii?

Hapana, sheria hii haivuki bahari. Kenya kuna Sectional Properties Act ya 2020 na Tanzania Unit Titles Act ya 2008, na kote wenye flati wanaingia kwenye chombo chao cha pamoja kinachosimamia jengo, kwa hiyo pa kuanzia ni mkutano wa wenye flati na daftari la mahudhurio.